Saa Arobaini na Saba

Inspekta Editha Mkude alilisoma jalada mara mbili, na mara ya pili alilisoma amesimama, kwa sababu hasira ilimkataza kukaa.

Lilikuwa jalada jembamba. Kurasa tisa zilieleza namna Elia, kibarua wa miaka ishirini na sita kutoka Mamboya, alivyovutwa na korona, ile mashine ya kuchakata mkonge, siku ya Jumatatu saa tano asubuhi, akafa kabla gari la wagonjwa halijafika. Kurasa mbili zilizobaki zilieleza kwamba aliyesababisha ni Mudi, fundi umeme wa kiwanda. Chini kabisa paliachwa nafasi ya saini yake yeye Editha. Mudi alikuwa mahabusu tangu Jumatatu hiyohiyo, leo ilikuwa Alhamisi, na saa nane mchana alitakiwa kupandishwa kizimbani kwa kuua bila kukusudia.

"Siku tatu," alisema Editha. "Sheria inasema saa ishirini na nne. Au ya hapa Kilosa ilichapishwa kwingine?"

Sajenti Lupakisyo, aliyepeleleza shauri hilo wakati Editha yuko Morogoro kikazi, aliishika kofia yake kwa mikono miwili. Kwa kesi za wizi wa ng'ombe hakuwa na mpinzani wilaya nzima. Umeme ulikuwa jambo lingine.

"Afande, kesi iko wazi. Mtu mwenyewe kakubali."

"Kakubali nini?"

"Kwamba namba ya siri ya ile draivu anaijua yeye peke yake."

Draivu yenyewe ni sanduku la chuma lililo kati ya umeme na mota. Ndilo linaloiamuru mota iende kasi au polepole, na mota ikielemewa, sanduku huizima lenyewe na kuandika kwenye kioo chake sababu ya kuizima. Sababu huwa herufi moja na namba. Siku ya Jumatatu kioo kiliandika F07, maana yake mzigo umezidi: singa za mkonge zilikuwa zimejisokota kwenye ngoma ya korona. Elia aliingiza mkono kuzitoa. Nusu dakika baadaye korona ikajiwasha.

"Zamani haikuwa ikijiwasha," aliendelea Lupakisyo. "Ikiandika F, inalala mpaka fundi aje abonyeze. Kuna mtu aliingia ndani ya mipangilio akaiambia ingoje sekunde thelathini, kisha iamke yenyewe. Huwezi kuingia humo bila namba ya siri. Fundi aliyekuja kusoma kumbukumbu zake alisema ilianza kujiwasha saa arobaini na saba kabla ya ajali. Nikahesabu kurudi nyuma. Jumatatu saa tano, ukitoa saa arobaini na saba, unapata Jumamosi saa sita mchana. Na Jumamosi saa sita mchana Mudi alionekana akiingia chumba cha umeme peke yake."

"Huyo fundi aliletwa na nani?"

"Na kiwanda, afande. Meneja ndiye aliyemwita."

Editha alilifunga jalada. Alitamani kulitupa, ila lilikuwa mali ya serikali.

"Kwa hiyo mwenye nyumba ndiye aliyekuonyesha mwizi," alisema, na kutoka.

Kule mahabusu, Mudi alisimama alipomwona. Alikuwa mwanamume mrefu wa miaka thelathini na kitu, mzaliwa wa Kilosa mjini, na ndevu zake zilikuwa hazijaguswa siku nyingi.

"Shikamoo afande."

"Marahaba. Mudi, sitaki hadithi ndefu. Uliibadilisha ile draivu ijiwashe yenyewe, au hukuibadilisha?"

"Namba ni yangu, afande."

"Sijakuuliza namba."

"Nilikabidhiwa kwa maandishi siku draivu inafungwa, nisimpe mtu. Elia amekufa kwa namba yangu. Unataka niseme nini tena?"

"Nataka useme uliibadilisha au hukuibadilisha."

Mudi alitazama sakafu, wala hakujibu. Kuna watu wakipatwa na jambo hulia, wengine huropoka. Huyu alikuwa ameamua kujizamisha kimyakimya, na hilo lilimuudhi Editha kuliko uongo. Uongo angalau una mkia wa kuushika.

Nje, kwenye benchi la kaunta, alikaa Nikolaus, kaka wa marehemu. Alikuwa amefika na basi la kwanza na hakutaka chai aliyopewa.

"Shikamoo afande. Wanamtoa saa ngapi huyo? Nataka nimwone akipanda gari."

"Marahaba. Mmeshazika?"

"Jana. Mamboya."

"Pole sana. Kaa hapo. Ukimgusa, nitakuweka naye chumba kimoja."

"Utakuwa umenisaidia," alisema Nikolaus.

*

Kiwanda kilikuwa kando ya barabara ya Kilosa kwenda Mikumi, mwendo wa nusu saa. Getini alimkuta Magreth, fundi wa pampu ambaye yeye Editha alimpigia simu tangu alfajiri. Hakuna nyumba ya wageni pale Mikumi ambayo pampu ya kisima chake haijapita mikononi mwa mama huyu, na pampu zote hizo zinaendeshwa na masanduku ya aina hiihii. Alikuwa na miaka hamsini na ushei, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu.

"Shikamoo dada Magreth."

"Marahaba, mdogo wangu. Mbona unapumua hivyo? Umekimbia?"

"Nina hasira."

"Haya. Ikitulia nikumbushe nikwambie ya kwangu. Unasikia huo mngurumo?"

Editha alisikiliza. Kutoka kwenye banda kubwa ilikuja sauti nzito ya ngoma inayozunguka.

"Hiyo ni korona," alisema Magreth. "Wamefungua tangu jana. Marehemu hajamaliza hata siku moja kaburini."

Waliingia. Majani ya mkonge yalipita kwenye mkanda, yakaingia kinywani mwa korona na kutoka upande wa pili yakiwa singa nyeupe, na harufu chachu ya majimaji ya mkonge ilishika koo. Draivu ilikuwa ndani ya chumba cha vioo pembeni ya mkanda, ili fundi aone kazi. Vibarua nao waliweza kukiona kioo chake, kwa kuwa herufi zake zilikuwa nyekundu na kubwa. Karani wa zamu, dada mmoja mkimya aitwaye Raheli, aliwafungulia mlango.

Magreth hakubadilisha kitu. Aliinama, akaanza kubonyeza polepole kuipitia mipangilio, akisoma tu.

"Kusoma hakuhitaji namba ya siri," alieleza. "Kubadilisha ndiko kunakohitaji. Sasa tazama hapa, idadi ya kujiwasha." Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Editha. Wameacha tano."

"Tano maana yake?"

"Maana yake ikijizima itajiwasha yenyewe mpaka mara tano. Hawajairudisha sifuri. Mtu amekufa, na hawakuirudisha."

Kabla Editha hajajibu, mngurumo ulishuka ghafla, ukakata. Kwenye kioo zikatokea herufi nyekundu: F07. Nje ya kioo mama mmoja mwenye kilemba cha bluu aliitazama draivu, akaona F, akapandisha mkono wa gauni na kuuingiza kinywani mwa korona hadi begani. Alifanya hivyo bila haraka, kama mtu anayetoa ukoko kwenye sufuria.

"Mwambie atoke," alisema Magreth. "Sekunde thelathini."

Editha aligonga kioo kwa kiganja. Mama yule aliinua uso, akatabasamu, akaendelea kuvuta singa. Raheli alikuwa ameshika mdomo. Editha alitoka mlangoni, akateleza kwenye majimaji, akaangukia goti moja, akainuka, akakipiga kitufe chekundu cha dharura kwa ngumi. Alikipiga mara tatu ingawa mara moja ilitosha. Kisha akamshika mama yule kiunoni na kumvuta nyuma mpaka wote wawili wakaangukia rundo la majani.

Vibarua wengine waliacha kazi, wakawazunguka.

"Mama, kwa nini umeingiza mkono?"

"Si imeandika F?" Mama yule alimshangaa. "Ikiandika F imelala. Sote tunafanya hivyo, na mkono huwa umeshatoka kabla hawajaiamsha."

"Hamzimi swichi kuu?"

"Swichi kuu inazima laini nzima, mama. Kuiwasha tena ni dakika kumi na mbili, na maelezo ofisini. F ikitoka ndio nafasi yetu."

"Na Elia?"

"Wametuambia fundi aliiharibu kusudi, na fundi amefungwa. Kwa hiyo imeshapona." Akautazama mkono wake alipokuwa akijibu, maana jibu lilikuwa limemfika na yeye.

Editha alimwachia. Alikuwa na damu gotini na hakuihisi. Alichokihisi ni kwamba kwa miaka sita watu hawa waliishi kwa kanuni moja rahisi, F ni usalama, na kila aliyekaa ofisini aliijua na kuinyamazia kwa kuwa iliokoa dakika kumi na mbili. Kisha mtu mmoja akaibadilisha maana ya F na hakumwambia yeyote. Angemwua kwa mikono yake kama sheria ingemruhusu, na aliona haya kidogo kuwaza hivyo akiwa amevaa sare.

*

Magreth alizima swichi kuu, akaweka kufuli lake mwenyewe, na ufunguo akautia kifuani. Kumbukumbu za draivu alikuwa ameshazipiga picha kwa simu.

"Hebu niambie tena yule sajenti wako alivyohesabu," alisema.

Editha akamweleza: Jumatatu saa tano, toa saa arobaini na saba, Jumamosi saa sita.

Magreth alicheka kicheko kisicho na furaha. "Amehesabu kama saa ya ukutani. Hili sanduku halina saa ya ukutani. Halijui Jumamosi wala Jumapili. Linahesabu saa ambazo lina umeme tu, kama mita ya trekta: trekta likilala, mita inalala. Angalia. Siku ya ajali, saa elfu kumi na nane mia sita arobaini na mbili. Mara ya kwanza kujiwasha yenyewe, elfu kumi na nane mia tano tisini na tano. Kabla ya hapo kila F07 imeandikwa imerudishwa kwa mkono. Kuanzia hapo, zote zimejirudisha. Tofauti ni arobaini na saba, hapo hajakosea. Lakini ni saa za umeme."

Editha alimgeukia Raheli. "Draivu inawashwa saa ngapi, inazimwa saa ngapi?"

"Swichi kuu inapandishwa saa kumi na mbili asubuhi, inashushwa saa kumi jioni," alijibu Raheli. "Mimi ndiye ninayeandika. Jumapili haiwashwi kabisa."

"Wiki ile umeme ulikatika?"

Raheli alifungua daftari lake la zamu, akapitisha kidole. "Haukukatika hata siku moja. Tulishangaa wenyewe."

Editha alichukua kalamu na kuhesabu nyuma ya karatasi ya ratiba. Jumatatu ya ajali, kutoka saa kumi na mbili hadi saa tano: saa tano. Jumapili hakuna. Jumamosi kumi, jumla kumi na tano. Ijumaa ishirini na tano, Alhamisi thelathini na tano, Jumatano arobaini na tano. Zilibaki mbili. Mbili kabla ya saa kumi jioni ya Jumanne.

"Jumanne saa nane mchana," alisema. "Siyo Jumamosi. Raheli, Jumanne Mudi alikuwa wapi?"

Raheli hakuhitaji daftari, lakini alilifungua hata hivyo na kuligeuza ili Editha asome mwenyewe. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, mbele ya jina la Mudi: ruhusa, msiba, Munisagara.

"Alifiwa na mama yake mdogo, aliyemlea," alisema Raheli. "Alhamisi aliporudi walimpeleka kwenye pampu za mtoni. Jumamosi aliingia humu robo saa tu, kuchukua vifaa."

"Mbona hukumwambia sajenti?"

"Hakuniuliza, mama. Aliuliza ya Jumamosi, nikamjibu ya Jumamosi."

*

Meneja wa uzalishaji, Herman, aliwapokea kwa kiti na maji ya chupa. Alikuwa na umri wa baba yake Editha, nywele nyeupe zimechanwa vizuri. Editha alilelewa vizuri, kwa hiyo alisema shikamoo, ingawa ilimtoka kama mwiba wa samaki.

"Marahaba, marahaba. Nasikia umesimamisha mashine."

"Nimeisimamisha. Mzee Herman, nani anaweza kuibadilisha ile draivu?"

"Mudi peke yake. Mimi ni mtu wa kilimo, Inspekta. Lile sanduku sijui hata linafunguliwa wapi."

"Wiki iliyopita Mudi alipokuwa msibani, ikiandika F07 nani alikuwa akienda kuirudisha?"

"Wasaidizi. Kwa tabu. Ilituchelewesha sana."

"Jumatatu mashine ilisimama mara sita, kwa daftari la Raheli. Jumanne asubuhi mara nne. Kuanzia Jumanne saa nane hamna anayeandika kuwa imesimama. Hukushangaa?"

"Nilimshukuru Mungu."

"Hukumpigia Mudi kumuuliza?"

Herman aliweka mkono kifuani. "Mtu aliyefiwa? Hapana. Biashara ni biashara, lakini mimi nina utu. Sikumsumbua hata mara moja. Nilisubiri arudi."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Editha aliomba radhi, akatoka nje hadi kwenye ukuta wa banda, akampigia Lupakisyo.

"Mfuko wa vielelezo wa Mudi. Kuna simu?"

"Ipo afande. Imezimika chaji."

"Iko hapo tangu Jumatatu na hakuna aliyeifungua?"

"Hapana, afande."

"Ichaji. Mwombe mwenyewe akufungulie, umwandikie kwamba amekubali. Kisha nisomee simu zilizoingia Jumanne ya wiki iliyopita. Sajenti, ulipiga hesabu ya saa za sanduku ukafikiri ni za ukutani, hilo naweza kukusamehe. Hili la simu sijui."

Alisubiri dakika ishirini, akitembea kutoka kona ya banda hadi kona nyingine. Vibarua walikuwa wamekaa kwenye majani. Simu ilipolia, sauti ya Lupakisyo ilikuwa imebadilika.

"Afande, zipo. Jina limeandikwa Bosi Herman, na namba ni ile aliyoiandika meneja kwenye maelezo yake. Saa saba na dakika kumi na mbili, haikupokelewa. Na kumi na tano. Na ishirini na moja. Thelathini. Thelathini na nane. Arobaini na nne. Zote hazikupokelewa. Ya saba ni saa saba na dakika hamsini na moja. Imepokelewa. Sekunde thelathini na sita."

"Rudia ya mwisho."

Alirudia. Editha alirudi ofisini, akakuta Herman amejimiminia maji.

"Simama," alisema, na safari hii hakuongeza mzee.

*

Walifika kituoni saa saba kasoro robo. Mkuu wa Upelelezi wa Wilaya alikuwa ameshapiga simu mara mbili kuuliza saini iko wapi, na Editha alimjibu kwamba jalada lile hatalisaini na kwamba anaweza kuja kumwuliza sababu mbele ya watu. Hakuja.

Chumba cha mahojiano kilikuwa kimetengwa na korido kwa ubao mwembamba. Herman alikaa upande mmoja, Lupakisyo akakaa pembeni na kalamu, na Mudi akaletwa. Editha aliweka mezani karatasi yenye nyakati saba. Herman aliisoma, na utu wake ukabadilika rangi.

"Sawa," alisema. "Nilipiga. Sikutaka kuonekana sina huruma, ndiyo maana sikusema. Lakini namba alinipa mwenyewe, kwa hiari yake. Mimi nilifuata maelekezo ya kitabu cha mashine. Yeye ndiye aliyekabidhiwa, yeye ndiye aliyeitoa. Hakuuliza hata ya nini."

Lupakisyo aliandika. Editha alimtazama Mudi.

"Ni kweli hukuuliza?"

Mudi alianza kutazama sakafu kama asubuhi, kisha akainua uso.

"Sikuuliza," alisema. "Aliniambia king'ora hakizimiki, sanduku linadai namba ndipo linyamaze. Nikamtajia."

"Ulikuwa wapi?"

"Munisagara."

"Munisagara wapi? Saa saba na dakika hamsini na moja ulikuwa wapi?"

"Kaburini, afande. Ndani." Alionyesha kwa mikono, viganja juu, kama amebeba. "Mama mdogo hakujaliwa mtoto wa kiume. Tulishuka mimi na mjomba kumpokea. Simu ilikuwa kwa binamu yangu pale juu, inalia, inalia. Watu wakaanza kunung'unika. Binamu akainama akasema ni bosi, mara ya saba, labda kiwanda kinaungua. Akaniwekea sikioni. Mikono yangu yote imembeba mama mdogo. Nikasema namba nne zile ili anyamaze, tumlaze."

Kalamu ya Lupakisyo ilikuwa imesimama.

"Niliporudi sikukagua," alisema Mudi. "Nilijua ni king'ora. Jumatatu nikasikia makelele nikiwa mtoni. Nilipofika na kuona sekunde zinahesabiwa kwenye kile kioo, nikajua namba yangu imefanya kazi gani. Kwa hiyo nikakubali. Ningesema nini, kwamba niliitoa nikiwa nazika? Ningekuwa namsingizia mama mdogo kaburini."

"Angeweza kukataa," alisema Herman.

Editha alilaza kiganja mezani taratibu sana. Alijua kwamba akikiinua kwa haraka kitakwenda kisipotakiwa.

"Sajenti, andika alivyosema, neno kwa neno, 'angeweza kukataa'. Halafu andika na hili, kwa ushahidi wangu mwenyewe: kwamba leo Alhamisi saa nne asubuhi nimeikuta ile draivu bado iko kwenye tano, na mkono wa mama mmoja uko ndani. Jumatatu hukujua, Herman? Sawa. Juzi Jumanne ulijua. Jana ulipowasha ulijua. Ungeirudisha sifuri, sanduku lingekuwa shahidi kwamba kuna mtu mwingine mwenye namba wakati Mudi yuko ndani. Ukaona heri wavutwe wengine."

Herman aliomba wakili. Alipewa haki hiyo, maana ni haki yake, na Lupakisyo akamwandikia shitaka lililokuwa limeandikwa jina la mtu mwingine.

Editha alimtoa Mudi hadi koridoni. "Utaandika maelezo kama shahidi. Kisha nenda nyumbani kwako."

"Afande, namba niliitoa mimi."

"Nimesikia. Andika hivyohivyo ulivyonieleza, usijipunguzie wala usijiongezee. Mahakama ina masikio."

Nikolaus alikuwa amesimama. Ubao ule hauzuii kitu, na uso wake ulionyesha kwamba amesikia yote. Akaja moja kwa moja kwa Mudi. Editha akajiweka katikati nusu, bega moja mbele.

"Mama yako mdogo," alisema Nikolaus. "Alizikwa Jumanne ile?"

"Jumanne."

"Pole na msiba."

Tangu Jumatatu Mudi alikuwa ametukanwa, ameulizwa, amehesabiwa, wala hakuna mtu ndani ya jengo lile aliyempa pole. Editha mwenyewe hakumpa, na lilimchoma.

"Na wewe pole," alisema Mudi. "Elia alikuwa mtu wangu."

"Alikutaja nyumbani."

Walishikana mikono, wakakaa hivyo, kila mmoja akingoja mwenzake aachie kwanza. Kisha Nikolaus akautoa mkono wake, akaufuta usoni, na akamgeukia Editha kwa adabu yote.

"Afande, yule meneja yuko mlango upi?"

Editha alirudi nyuma hatua mbili, mpaka kitasa kikamgusa mgongoni. "Kaa, Nikolaus."

"Nimeuliza mlango tu."

"Najua ulichouliza."

Alisimama pale, miguu imeachana, goti lake lenye damu likianza sasa kumuuma. Alikuwa amekula kiapo cha kumlinda kila mtu, na aliyekuwa nyuma ya mlango ule naye ni mtu. Alijikumbusha hivyo mara ya kwanza, akajikumbusha tena. Nikolaus alimtazama bila kupepesa, na ilimchukua muda mrefu sana kukaa.